Prof na Kampuni Yake ya Siri

Sikumpenda Prof, na nina hakika yeye pia hakunipenda. Tulikaa barabara moja pale Makomeno kwa miaka mingi, lupango lake na letu, viwanja vyenye nyumba na ua, vikitenganishwa na ukuta wa matofali ambao mvua iliubomoa kidogo kila mwaka na yeye akaujenga tena, kila mara akiuongeza kimo. Tulisalimiana kama majirani wanavyopaswa. "Jambo yenu, Prof," nilisema. "Jambo, Sekretere," alijibu, bila kusimama. Mtaa mzima uliniita Mama Ntumba kwa jina la binti yangu. Yeye peke yake aliniita kwa kazi yangu, na alivyolitamka neno hilo ungedhani kazi yenyewe ni kupanga viti.

Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule za sekondari za mjini. Mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa kumi wakati joto la Lubumbashi linamfanya mtu atamani kukaa ndani ya pipa la maji. Mfukoni alikuwa na roli ya utepe mweusi, ule wa mafundi umeme. Alikata kipande na kubandika kwenye kamera ya simu yake, kisha ya mkewe, kisha ya mtu yeyote aliyeketi karibu naye. Hakuomba ruhusa. Siku ya matanga ya mzee mmoja wa barabara yetu, mchungaji aliweka simu mezani ili asome andiko, na alipoinua macho kutoka kwenye sala alikuta Prof amekwisha kuibandika. Waombolezaji wakauma midomo. Mchungaji akauliza kwa upole kuna nini.

"Banakuangalia, Pasteur," Prof akamjibu. "Mi nimefunga jicho yabo tu."

Mtu akimwambia kwamba hana cha kuficha, Prof alinyoosha mkono. "Leta telephone. Fungua. Nisome." Alibaki na mkono umenyooshwa hivyo, bila kucheka, mpaka mtu yule aone haya na kubadilisha mazungumzo. Sikuona hata mmoja aliyempa simu. Nakiri kwamba kwa jambo hilo alikuwa sahihi. Kilichonichukiza ni jinsi alivyofurahia kuwa sahihi.

Maana huyo mlinzi wa siri za watu alizijua siri zetu zote. Alijua binti wa nani ana mimba kabla mama wa binti hajajua. Alijua nani amefukuzwa kazi mjini na bado anavaa tai kila asubuhi ili jirani wasigundue, na alilisema hilo kwa simu, katikati ya ua wake, kwa sauti ya mtu anayeita teksi. Nilikuwa naanika nguo upande wangu wa ukuta na nikasikia kila neno. Kesho yake nikamkuta akiwafundisha vijana wa parokia kwamba habari ya mtu ni mali ya mtu.

Mkewe, Mungu amrehemu, aliuza vitambaa sokoni na alikuwa mtu wa kucheka. Ndugu wote wa kutoka Kasai walipita kwake, na hakuna aliyetoka pale bila kula bukari, ugali wetu wa huku. Siku moja nilimuuliza mumewe ameenda wapi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama Ntumba, mi najua je? Bwana yangu anafichaka hata kitu yenye hakuna muntu anaitafuta." Aliugua kwa muda mrefu, akalazwa mbali na nyumbani kwa miezi, akafa. Prof hakulia mbele yetu. Aliupokea mkono wa kila mtu, akashukuru, akarudi shuleni wiki iliyofuata na shati lake limefungwa vifungo vyote. Wanawake wa mtaa walisema ana moyo wa jiwe. Mimi pia nilisema hivyo.

Kitu alichokipenda hadharani kilikuwa kampuni moja ya Ulaya. Sitaitaja jina, kwani makampuni ya namna hiyo ni mengi sasa na sitaki ionekane ninagombana na moja. Ilianza na barua pepe tu. Barua inafungwa kwenye simu yako na inafunguliwa kwenye simu ya yule unayemwandikia, na katikati hapo hakuna anayeweza kuisoma, hata kampuni yenyewe. Prof aliizungumzia jinsi watu wengine wanavyozungumzia parokia yao. Alisema "sisi". "Mwaka hii sisi tunatoa kalenda." "Sisi hatuuzake habari ya bantu." Nilimuuliza kama wanamlipa. Aliniangalia kama nimemuuliza Papa wa Roma analipwa kiasi gani kwa misa.

Sasa nieleze jinsi Prof alivyoingia katika kazi yangu, kwa sababu bila hilo angebaki jirani mwenye kiburi na nisingekuwa na sababu ya kumwandika.

Mimi ni katibu wa chama cha wanawake wanaolima mboga kule Annexe, pembezoni mwa mji. Nyuma ya mashamba yao kilijengwa kiwanda cha kusafisha madini, na maji ya kiwanda yakaanza kuingia kwenye mifereji ya mboga. Majani ya lengalenga, mchicha wetu, yakaungua kingo. Ngozi za miguu ya wanawake zikapasuka. Tukaanza kukusanya picha na maneno ya mashahidi, tukiwa na mwanasheria wetu, mama mmoja mtulivu tuliyemwita Maître. Ugumu ulikuwa kwamba baadhi ya mashahidi walikuwa na waume au watoto wanaofanya kazi katika kiwanda kile kile. Mama Feza, aliyesema mengi kuliko wote, mtoto wake wa kwanza aliendesha mashine ya kuchota udongo humo. Tulimwahidi kwamba jina lake halitatoka.

Halafu siku moja, katika kikao na wakubwa wa kiwanda, mmoja wao akarudia neno kwa neno sentensi ambayo rais wa chama chetu alikuwa amemwandikia Maître peke yake. Akaisema akitabasamu. Tuliporudi ofisini hakuna aliyekunywa chai. Ndipo rais akaniambia nivuke ukuta nimwite Prof.

Alikuja, hilo silikatai. Alikuja Jumamosi baada ya Jumamosi, bila kudai kitu, akapanda teksi-basi hadi Annexe na mavumbi yake yote, akawafundisha wanawake wenye simu za vioo vilivyopasuka. Aliwafokea. Aliwaita wavivu. Lakini barua ile ya siri ilifanya kazi, na tangu siku hiyo hakuna neno letu lililosikika tena kinywani mwa watu wa kiwanda. Kama ingeishia hapo, ningekuwa leo ninamsifu mtu huyu, kwa shingo upande.

Haikuishia hapo, kwa sababu kampuni yake haikuishia hapo. Baada ya barua ikaleta kalenda. Baada ya kalenda ikaleta ghala la kuhifadhia picha na faili. Kisha njia iliyofichwa ya kupita mtandaoni, ili mtu asijue uko wapi. Kisha sanduku la kutunzia maneno yote ya siri, zile mot de passe. Kisha mfuko wa pesa za mtandaoni. Kisha mashine inayojibu maswali na kukuandikia barua. Kila kilipotoka kitu kipya, Prof aliingia ofisini kwetu na uso wa mtu aliyepata mtoto.

Na wakati huo wote barua yenyewe, ile ya mwanzo, ilikuwa inatusumbua. Kule Annexe réseau, mtandao wa simu, ni dhaifu. Mwanamke alipiga picha ya mfereji asubuhi, akaiandikia maneno mawili, akabonyeza, na kiduara kikazunguka mpaka betri ikaisha. Mimi nilimwomba Prof mara nyingi awaandikie wenye kampuni watengeneze hilo kwanza. Alinijibu kwamba wanashughulikia. Siku alipotuletea habari ya mashine ya kuandika barua, nilishindwa kunyamaza. Tulikuwa katika ukumbi wa parokia, kamati nzima, na Maître pembeni na mafaili yake.

"Prof," nikasema, "barua ya Mama Feza iko inazunguka tangu asubuhi. Haijafika. Sasa banatuletea mashine ya kuandika barua ingine ya nini? Ile yenye tunaandika sisi benyewe haitembei."

Hakukasirika. Aliposikia hoja alitulia, kama mwalimu aliyengojea swali hilo tangu mwaka uanze.

"Sekretere, sikia muzuri. Barua yenu iko kwetu, sawa. Picha zenu ziko wapi? Ziko kwa bale bakubwa ba internet. Kalenda yenu? Kwa bale bakubwa. Muntu akisoma kalenda yako, atatafuta barua ya nini tena? Anajua siku gani uko na Maître, saa gani, ku ofisi gani. Amekwisha kukujua. Ni kusema umefunga mulango na dirisha yote iko wazi. Njo maana kampuni inaongeza. Na kama haiongeze, bantu batachoka kuwa na kitu kimoja huku, kingine kule. Batarudi kwa bakubwa, na kampuni itakufa, na hata ile barua mutaikosa."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa hoja nzuri, na bado ni nzuri. Nimeitafakari mara nyingi kuliko ninavyopenda.

"Mi niko na woga ingine," nikamwambia. "Mwenye anashika barua yangu tu, akinikosea naweza kumuacha kesho. Mwenye anashika barua, na picha, na kalenda, na mot de passe zote, na njia ya kupitia, ule siwezi kumuacha. Hata akinikosea, nitabaki tu pale. Tena weye mwenyewe unasemaka hawatujue. Hawasomi, hawaulizi jina, hawaone sura. Ile ni muzuri kwa barua. Lakini siku tutapiga hodi pale, maisha yetu yote iko ndani, nani atatujua ni sisi?"

Prof akageukia kamati. "Sekretere anataka kampuni ya siri imujue jina," akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Hata Maître alitabasamu, akainamia karatasi zake. Niliomba jambo moja tu, kwamba nakala ya kila kitu iwekwe kwenye diski katika kabati la Maître. Prof akasema nakala iliyo nje ni tundu, na kwamba tumehangaika kuziba matundu yote ili mimi nitoboe jipya. Kamati ikapiga kura. Mikono ikainuka upande wake. Wiki ile tulihamisha kila kitu tulichokuwa nacho, tukafuta kilichobaki kwingine, naye akasimama nyuma yetu akihakikisha tumefuta kweli.

Kilichotupata baadaye hakikutoka kiwandani. Hakuna mwizi aliyeingia, hakuna polisi aliyebisha.

Jumamosi moja Prof alikusanya wanawake katika kanisa dogo la Annexe ili kila mmoja awe na akaunti yake chini ya ile ya chama. Palikuwa na simu yake tu iliyokuwa na mtandao wa maana. Basi wote wakaunganishwa kwenye simu yake, kwa njia ile iliyofichwa ya kampuni yenyewe, na akaunti zikafunguliwa moja baada ya nyingine, mfululizo, mpaka jua likaelekea kushuka. Nilimwona akifanya kazi bila kula. Mwanamke mzee aliposhindwa kukumbuka neno lake la siri, Prof alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo mbele yake ili aione simu vizuri, akaanza upya, na safari hiyo hakufoka. Nayaandika hayo pia, kwa kuwa niliyaona.

Kumbe huko Ulaya mashine ya kampuni ilikuwa inatazama. Haikuona wanawake wa lengalenga. Iliona akaunti nyingi zikizaliwa mahali pamoja palipofichwa, na kwa akili yake hiyo ni kazi ya matapeli. Jumatatu nilipofungua kompyuta ya ofisi nikakuta maandishi machache: akaunti imesimamishwa kwa kuvunja masharti. Nilifungua ghala la picha. Maandishi yale yale. Kalenda, yale yale. Sanduku la maneno ya siri nalo limefungwa, na humo ndani ndimo lilimokuwa neno la kufungulia barua pepe yetu ya zamani, ile ya kabla ya Prof, ambayo kampuni ilisema ndiyo itumike kuthibitisha kwamba sisi ni sisi. Tukaandika kuomba. Jibu likaja mara ile ile, na lilikuwa jibu la mashine.

Alhamisi ya wiki hiyo tume ya mkoa ilikuwa inakuja Annexe kuchunguza maji.

Nilimpigia Prof simu. Hakupokea. Nilikwenda kwake, nikamkuta mezani mbele ya kompyuta, shati kwa mara ya kwanza limefunguka shingoni.

"Kampuni inasema nini?" nikauliza.

"Musinisumbue. Niko nafanya kazi."

"Prof, Alhamisi ba tume banakuja. Hatuna hata picha moja."

"Nimesema musinisumbue."

Nilirudi kwetu kwa hasira. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kwamba kila kitu nilichokisema ukumbini kilikuwa kimesimama pale kati yetu. Sikupata raha yoyote kwa hilo.

Tume ilikuja. Walikaa mbele ya altare ya kanisa lile lile, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kivuli. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haraka, amevaa viatu vya mjini na vumbi limekwisha kuvibadilisha rangi. Maître akaomba waahirishe. Mwenyekiti akasema hawaahirishi. Kama chama hakina ushahidi, ataandika kwamba hakuna ushahidi. Viti vya nyuma walikaa watu wa kiwanda, wawili, wasafi.

Mama Feza akasimama. Nilikuwa karibu naye, nikamshika kitenge nimrudishe chini. Akautoa mkono wangu taratibu, kama mtu anavyotoa mkono wa mtoto.

"Jina yangu ni Feza," akasema. "Shamba yangu iko nyuma ya bassin yabo ya maji. Picha hamuna, basi muangalie mi mwenyewe."

Akavua ndala na kuweka mguu juu ya benchi mbele ya mwenyekiti. Ngozi ilikuwa imepasuka mpaka nyama ilionekana. Akaeleza mwezi gani maji yaligeuka rangi, yalinuka nini, mboga zilikufa namna gani, yeye aliwaambia nani kiwandani na walimjibu vipi. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Nyuma, mmoja wa wale wasafi akainua simu yake na kumpiga picha. Mama Feza aliona. Akaendelea. Alipomaliza, mwanamke mwingine akasimama, akataja jina lake. Halafu mwingine.

Tume iliandika. Baada ya miezi mfereji ulizibwa na kiwanda kikaamriwa kujenga ukuta wa bwawa. Watu wa mashirika walitupongeza. Lakini mtoto wa Mama Feza alikuwa amekwisha kuachishwa kazi siku chache tu baada ya kikao, bila kuambiwa sababu. Akaenda upande wa Kolwezi kuchimba kwa mikono, katika mashimo ambayo mama yeyote anajua ni ya namna gani. Nilikwenda kumwona Mama Feza. Hakunilaumu. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akasema bila kuinua kichwa, "Ule Papa, mwalimu yenu, aliniambia jina yangu itafichama. Nilimuamini sana, unajua. Alikuwa anasema kama muntu wa kweli."

Nikambebea Prof maneno hayo vile vile, juu ya ukuta. Alikuwa anamwagilia miche ya nyanya aliyoiacha mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kampuni haikukosea kwa kuongeza," akasema. "Ilikosa bantu ya kujibu. Ile ni mambo mbili."

"Ndiyo yenye uko nayo ya kuniambia?"

"Ile ni mambo mbili, Sekretere. Usiichanganye."

Nikamwambia asinisalimie tena. Naye, kwa utii ambao hakuwahi kuuonyesha katika jambo lingine lolote, hakunisalimia tena.

Majuma kadhaa baadaye akaunti ya chama ilifunguka yenyewe. Kila kitu kilikuwamo: picha, maneno ya mashahidi, kalenda yenye siku ile ya tume imewekewa alama nyekundu. Palikuwa na ujumbe mfupi wa kuomba radhi kwa usumbufu. Prof alimpigia rais wetu, akasema, "Imefunguka. Mubadilishe mot de passe," akakata. Kabla shule hazijafunga mwaka huo alikuwa amehama Makomeno. Aliuza vyombo, akamwachia ndugu wa mkewe nyumba, na hakumuaga mtu. Mtaani tulisema ni aibu imemhamisha. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine. Chama kilibaki na barua tu kwa kampuni ile. Picha zikaenda pengine, kalenda ikarudi ukutani, na nakala iko kwa Maître. Hatujajuta.

Mwaka huu nilitumwa Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Kuna wanawake wa huko wanaotaka kuanzisha chama kama chetu, na walituomba mtu wa kuwaeleza. Tulifika saa za mchana. Kiongozi wao akaniambia wanawake wako darasani, wanajifunza mambo ya simu na mwalimu mmoja aliyetoka mjini, nisubiri kidogo. Nilisikia sauti kabla sijafika mlangoni. "Leta telephone. Fungua. Nisome."

Alikuwa amezeeka. Mashavu yameingia, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Shati lilifungwa mpaka juu. Na pale ubaoni, kwa chaki, alikuwa ameandika jina la kampuni ile ile, na chini yake huduma zote kwa mpangilio, pamoja na mpya ambayo hata mimi sikuwa nimeisikia, ya kufanya mikutano kwa video.

Aliponiona alisimamisha somo. Tulitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Hakunipa mkono.

"Baada ya yote yenye ilitokea," nikasema, "uko unabapeleka tena bale bamama kulekule?"

"Wapi ingine? Kwa bale bakubwa?"

"Weye haukujifunza kitu."

"Nilijifunza. Bado naona ile ile. Kampuni ikibaki na barua tu, itakufa. Baongeze. Lakini baweke bantu ya kujibu. Nilibaambia."

"Ulibaambia kupitia wapi? Banajibu weye?"

Akatoa simu mfukoni kama mtu anayetaka kuangalia saa, akairudisha. "Mi sina compte kwabo," akasema. "Balinifunga."

Sikuelewa. Nikamwambia akaunti zote zilifunguliwa, niliona mwenyewe.

"Yenu. Yangu hapana." Alisema haraka, kwa kuudhika, kama mwanafunzi anayelazimishwa kurudia somo. Katika majuma yale akaunti zilipokuwa zimefungwa, aliandika na kuandika mpaka mwishowe akajibiwa na mtu, mtu wa kweli mwenye jina. Mtu huyo akamweleza kwamba kwa macho ya kampuni akaunti zile zote ni njama ya mtu mmoja. Kama mwenye akaunti ya kwanza, yaani Prof mwenyewe, atakiri kwamba ni yeye aliyezifungua kinyume cha masharti, na chama hakikujua, basi chama kitarudishiwa mali yake na yule mtu ataondolewa moja kwa moja. "Nikakubali. Ilikuwa kweli pia. Ni mi nilizifungua."

"Na ndani ya yako mulikuwa nini?"

"Si nilikuwa naambia bantu baweke kila kitu? Niliweka kila kitu." Aliangalia barabara, ambapo gari lililobeba samaki lilikuwa linapunguza mwendo. "Barua. Masomo yangu. Picha za ndoa. Muke yangu, wakati alilala ku hôpital, hakuweza kuandika tena, mikono ilikuwa inauma. Alikuwa ananitumia sauti. Kila asubuhi. Anaulizia nyanya zake."

"Hawakukupa hata siku moja ya kuzitoa?"

"Batazitoa namna gani? Imefungwa. Benyewe hawana funguo. Njo namna balitengeneza, na balitengeneza muzuri." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Mutoto ya Mama Feza, balimurudisha kazi?"

"Hapana. Iko anachimba kule Kolwezi."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa.

Nilitaka kubaki na hasira yangu yote kama nilivyokuja nayo, na sehemu kubwa nilibaki nayo. Mguu ule juu ya benchi nauona mpaka leo. Nilimuuliza kitu kimoja cha mwisho.

"Juu ya sababu gani haukutuambia?"

"Mungesema asante," akajibu. "Na ku kinywa yako weye, Sekretere, sikutaka kuisikia."

Ndani wanawake walikuwa wameanza kuzungumza kwa sauti. Alirekebisha kola ya shati lake, akageuka, akaingia. Nikamsikia akiwafokea wakae kimya, akaendelea na somo pale alipoliachia, huduma ya tatu ubaoni.

Sikusema asante. Nilisimama pale nje mpaka alipomaliza, kisha ikawa zamu yangu, nikaingia kuongea na wale mama, na yeye alikuwa amekwisha kupita mlango wa nyuma.